Nyumbani Si Kazini: Jinsi Nilivyoigawa Mipangilio ya Django

Simu ililia saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu ya kufungua shule, nikiwa ndani ya matatu ya 111 iliyokwama Ngong Road. Alikuwa mama mwenye duka la sare za shule ambaye nimemtunzia tovuti kwa miaka minne. Mama huyu hapendi kupiga simu. Akiwa na neno huandika ujumbe, tena mrefu, wenye salamu za watoto na za wazazi. Siku hiyo hakusalimu.

"Mwanangu, watu wanalipa, pesa inaingia, halafu wanaambiwa oda imefutwa. Kuna baba amesimama hapa na mtoto, ananionyesha simu. Nimwambie nini?"

"Mpe sare, Mama. Mwandike kwenye daftari. Nashuka sasa hivi."

Nilishuka Prestige, nikaingia mkahawa wa kwanza niliouona una soketi ya umeme karibu na meza, nikafungua kompyuta. Kufikia saa nne nilikuwa nimehesabu oda 37 zilizolipwa na kufutwa. Kila moja ilikuwa ya mzazi aliyetoa pesa mwezi wa Januari, mwezi ambao kila shilingi ina mwenyewe kabla haijafika mfukoni. Kosa halikuwa la M-Pesa wala la mtandao. Lilikuwa langu, na lilikaa kwenye mstari mmoja wa faili ambayo nilidhani nimekwisha kuisafisha vizuri mwezi Novemba.

Nataka kuieleza habari hii kwa kirefu. Maandishi mengi kuhusu kugawa mipangilio ya Django huishia pale folda inapopendeza, na kwangu shida ilianzia hapohapo.

Kwa asiyeijua, Django ni kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Unapoanzisha mradi mpya, kiunzi hiki hukupa faili moja inayoitwa settings.py. Ni fupi, mistari kama 120 pamoja na maelezo yake. Humo mna ufunguo wa siri, orodha ya programu ndogo zinazounda tovuti, anwani ya hifadhidata, lugha, majira ya saa, na neno DEBUG ambalo huamua iwapo kosa likitokea mgeni ataonyeshwa ukurasa wa kawaida au matumbo yote ya programu. Kwa mradi wa siku mbili, faili moja yatosha kabisa. Siwezi kumwambia anayeanza leo aigawe.

Yangu ilikua. Mwaka wa kwanza ikapokea malipo. Wa pili ikapokea ujumbe mfupi wa simu, kisha Celery kwa kazi za nyuma ya pazia, kisha hifadhi ya picha, kisha LOGGING, mipangilio ya logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu, ambayo ni kamusi ndani ya kamusi ndani ya kamusi. Ilipofika mistari 900 nilikuwa natafuta kitu kwa kubonyeza vitufe vya kutafuta, sikuwa tena naisoma. Na mtu akishaacha kuisoma faili, hajui tena kilichomo.

Urefu peke yake haukuwa ubaya wenyewe. Ubaya ulikuwa faili ile kujaribu kujijua iko wapi. Mahali fulani katikati palikuwa na haya:

```
import socket

if socket.gethostname() == "sare-1":
    DEBUG = False
else:
    DEBUG = True
```

Yaani: kama jina la mashine ni lile la seva yetu, jifiche, vinginevyo, fungua kila kitu. Niliyaandika mwenyewe usiku mmoja nikiwa na haraka, yakafanya kazi miaka miwili. Tulipohamia seva nyingine, jina la mashine likabadilika. Hakuna aliyeukumbuka ule mstari. Programu ikajiuliza iko wapi, ikakosa jibu, ikaamua iko nyumbani kwangu.

Siku ya tatu mzazi mmoja akatuma picha ya skrini. Ni ule ukurasa wa kosa wa Django wenye kichwa cha manjano, ambao kila aliyewahi kuandika Django anaujua. Juu kosa, chini yake thamani za kila kigezo kilichokuwa kinatumika wakati ule: nambari ya simu ya mzazi, jina la mtoto, shule, darasa. Chini kabisa, jedwali la mipangilio yetu yote.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa kwa Kiswahili, na ningependa kila mwenzangu anayeandika programu kwa lugha yetu alijue. Django haionyeshi siri hovyo kwenye ukurasa ule. Huziba kwa nyota kila mpangilio ambao jina lake lina maneno kama API, TOKEN, KEY, SECRET, PASS au SIGNATURE. Inatazama jina tu, haijui thamani ni nini. Mimi ufunguo wetu wa malipo nilikuwa nimeuita MPESA_SIRI. Neno siri halimo kwenye orodha ile. Kwa hiyo wakati SECRET_KEY ilikuwa nyota tupu, ufunguo wa malipo ulikuwa wazi, herufi kwa herufi, kwenye simu ya mzazi. Leo unaitwa MPESA_SECRET_SIRI. Jina linachekesha kulisoma lakini silibadilishi, na funguo zote za zamani tulizitupa siku ileile tukaomba mpya.

Nilimpigia yule mzazi kumwomba radhi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na data ya mtoto ina ulinzi wake ndani ya sheria hiyo. Lakini ukweli ni kwamba sikuwaza sheria nilipokuwa nampigia. Niliwaza jina la mtoto wake.

Basi Novemba nikaamua kuigawa.

Njia inayojulikana zaidi ni hii: unaifuta settings.py, unaweka folda mahali pake, na ndani yake faili moja ya mambo yanayofanana kila mahali, kisha faili moja kwa kila mahali programu inapoishi. Wengi huziita base, local na production. Mimi na mwenzangu tulichagua majina yetu: msingi.py, nyumbani.py, kazini.py, na majaribio.py kwa ajili ya vipimo. Folda yenyewe tukaiita mipangilio. Mwanzoni mwenzangu alisita, akahofia mgeni atakayeajiriwa. Nikamwambia mgeni huyo naye atatoka hapahapa Nairobi, na akisikia neno kazini ataelewa uzito wake bila kuelezwa.

Faili ya nyumbani ilikuwa hivi:

```
from .msingi import *

DEBUG = True
INSTALLED_APPS += ["debug_toolbar"]
EMAIL_BACKEND = "django.core.mail.backends.console.EmailBackend"
MPESA_URL = "https://sandbox.safaricom.co.ke"
MPESA_SHORTCODE = "174379"
```

Mstari wa kwanza unaleta kila kitu kutoka kwenye msingi, na inayofuata inabadilisha yanayohitaji kubadilika. Nambari 174379 inajulikana na kila aliyejaribu malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom kwa waandishi wa programu, maana ndiyo nambari ya biashara ya uwanja wa majaribio (sandbox), ambako hakuna shilingi ya kweli inayohama. Ikumbuke, tutarudi kwake.

Kinachonipendeza ni kwamba Django yenyewe inaishi hivi. Ndani yake kuna faili inayoitwa global_settings.py, yenye chaguo-msingi la kila mpangilio. Programu inapoanza, Django husoma kwanza ile, kisha huweka yako juu yake, na huchukua tu majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ukiandika debug kwa herufi ndogo haitalalamika. Itakupita tu kama hujasema kitu. Kwa hiyo hata anayesema hajaigawa mipangilio yake tayari anaishi na tabaka mbili, ila moja haioni.

Hiyo asiyoiona ndiyo iliyoniuma kwanza.

Nilipokuwa nahamisha mistari, TIME_ZONE ikaangukia nyumbani.py. Sikuiona. Kwangu saa zilikuwa sawa, Africa/Nairobi, kila kitu kizuri. Kazini mstari haukuwepo, basi Django ikachukua chaguo-msingi lake. Je, chaguo-msingi la Django ni saa za wapi? America/Chicago. Kiunzi hiki kilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, huko Lawrence, Kansas, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kukiandika mwaka 2003, na kikatolewa kwa umma Julai 2005. Lawrence inafuata saa za Chicago. Ukianzisha mradi mpya leo hutaliona jambo hili kwa sababu faili unayopewa imekwisha kuandikwa UTC. Ila ukiupoteza ule mstari, unaangukia kwenye saa za wale waandishi wa habari.

Mwezi Novemba Nairobi iko mbele ya Chicago kwa saa tisa. Kwa hiyo ripoti ya Mama ikaanza kuhesabu oda zote zilizoingia kati ya saa sita usiku na saa tatu asubuhi kuwa ni za jana. Aligundua mwenyewe, kwa daftari. Mama huyu huandika kila kitu kwa kalamu hata baada ya tovuti, na zamani nilikuwa nikimshawishi aache. Sikumshawishi tena.

Kidonda cha pili kilikuwa kidogo lakini kilinitoa jasho. Mipangilio ya Django hujua mradi uko folda gani kwa kuhesabu ngazi kutoka kwenye faili yenyewe:

```
BASE_DIR = Path(__file__).resolve().parent.parent
```

Ukiiingiza faili ndani ya folda mpya, umeongeza ngazi moja, kwa hiyo unahitaji parent ya tatu. Nilisahau. Kwenye kompyuta yangu natumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, na SQLite isipoikuta hifadhidata mahali ilipoambiwa, hutengeneza mpya iliyo tupu, kimya. Nikafungua tovuti nikakuta jedwali hazipo. Nilikaa dakika kumi nikiamini nimefuta kazi ya miezi kabla ya kuona db.sqlite3 mbili kwenye folda mbili.

Vidonda hivi vyote ni vya aina moja, na sikuliona hilo hadi Januari. Hakuna mahali programu iliposimama ikasema, "Hapa pana pengo, niambie." Kila mara ilijaza pengo kwa kitu kinachofanana na jibu. Jina la mashine halijulikani? Basi tuko nyumbani. Saa hazijatajwa? Basi ni za Chicago. Hifadhidata haipo? Basi hii hapa mpya.

Sasa Jumatatu ile.

Mteja anapobonyeza kulipa, tovuti huomba M-Pesa imtumie dirisha la kuweka namba ya siri kwenye simu yake. Akishalipa, majibu hurudi kwenye tovuti yetu. Majibu yakichelewa, Celery, ambayo ni mchakato tofauti kabisa na tovuti, huenda kuuliza: ombi hili limefikia wapi? Nilikuwa nimeandika kwamba baada ya dakika kumi, jibu lolote lisilosema "imelipwa" lihesabiwe kuwa oda imefutwa, na mteja ajulishwe kwa ujumbe. Hilo lenyewe lilikuwa kosa. "Sijui" na "hajalipa" ni mambo mawili tofauti, na mimi niliyachanganya.

Novemba na Desemba biashara ilikuwa ndogo. Majibu yalirudi kwa wakati, Celery haikuwahi kuhitaji kuuliza. Siku ya kufungua shule wazazi walikuja wote pamoja, seva yetu ikalemewa, ikawa inayapokea majibu kwa kuchelewa au haiyapokei kabisa. Ndipo Celery ilipoanza kuuliza. Ikauliza uwanja wa majaribio. Ikauliza kuhusu pesa za kweli mahali ambapo pesa za kweli hazijawahi kufika, na kila mara ikajibiwa kwamba ombi hilo halijulikani.

Kwa nini? Kwa sababu katika mradi wa Django kuna faili kadhaa zinazosema mipangilio isomwe kutoka wapi: manage.py, wsgi.py, asgi.py, na ukiwa na Celery, celery.py. Kila moja ina mstari kama huu:

```
os.environ.setdefault("DJANGO_SETTINGS_MODULE", "mradi.mipangilio.nyumbani")
```

Neno setdefault lina maana kwamba kama mtu hajataja mipangilio gani itumike, itumike hii. Niliandika nyumbani kote ili nisisumbuke kwenye kompyuta yangu, nikijua kwamba sevani tutataja kazini waziwazi. Na tulitaja. Kwenye faili ya systemd (programu ya Linux inayowasha na kusimamia michakato) inayoendesha tovuti. Celery ina faili yake ya systemd, na huko hatukutaja.

Kwa majuma kadhaa basi seva moja ilikuwa na michakato miwili inayosoma mradi uleule kwa macho mawili tofauti. Kwa nini haikugongana mapema? Hifadhidata na funguo za ujumbe zilisomwa na msingi.py kutoka kwenye vigezo vya mazingira, yaani thamani zinazowekwa kwenye seva nje ya msimbo, ambavyo vilikuwa sawa kwa michakato yote miwili, kwa hiyo Celery iliona oda za kweli na ilituma ujumbe wa kweli. Hata debug_toolbar, chombo cha kutafutia makosa ambacho hakina kazi sevani, kilikuwa kimesakinishwa pale kwa sababu requirements.txt yetu, orodha ya maktaba za kusakinisha, ilikuwa moja. Laiti orodha hiyo nayo ingegawanywa, Celery ingeanguka siku ya kwanza kwa kukosa moduli, na mimi ningejua siku ileile.

Na dalili zilikuwepo. Barua pepe za risiti zilikuwa zikichapishwa kwenye logi badala ya kutumwa, na hakuna mteja aliyeulizia kwa sababu ujumbe wa M-Pesa ndio risiti ya Mkenya. Isitoshe, Celery ikianza huku DEBUG iko wazi hutoa onyo kwenye logi kwamba jambo hilo huvujisha kumbukumbu na lisitumike kamwe kwenye kazi halisi. Nililikuta onyo hilo Jumatatu ile, la tarehe za Novemba. Lilikuwa limekaa pale likingoja mtu alisome.

Kurudisha oda 37 kulichukua hadi saa kumi jioni. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba wale wenye watoto wadogo niwatangulize, kwa kuwa mtoto wa Gredi ya Kwanza akienda shule bila sare siku ya kwanza, hasahau. Nikawatanguliza.

Kilichofuata sikukifanya siku ile. Nilisubiri msimu upite, nikakaa na mwenzangu siku mbili.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuiondoa setdefault kwenye wsgi.py, asgi.py na celery.py. Imebaki kwenye manage.py tu, maana hiyo ndiyo huguswa na mikono yetu kila saa. Nayo __init__.py ya folda ya mipangilio ni tupu, ila kwa maelezo ya mstari mmoja yanayoomba iachwe hivyo. Mchakato wowote sevani usipoambiwa uko wapi, Django inakataa kuanza na kusema mipangilio haijawekwa. Ni ujumbe mbaya kuuona saa tano usiku. Lakini unauona wewe, hauonwi na mzazi aliyesimama dukani.

Kisha siri. Zote zikahamia kwenye vigezo vya mazingira, na kazini.py inazisoma kwa mabano ya mraba, os.environ["MPESA_SECRET_SIRI"], isiyokuwepo inaangusha programu papo hapo. Mbinu ya get yenye thamani ya akiba tumeipiga marufuku ndani ya kazini.py. Mwenzangu alitaka twende mbali zaidi, tuache kabisa faili za mahali na tuweke kila tofauti kwenye mazingira. Hoja yake si ngeni. Watu wa Heroku, kampuni inayoendesha programu za wengine kwenye seva zake, waliieleza mwaka 2011 kwenye kanuni zao kumi na mbili, wakisema kwamba makundi kama nyumbani na kazini huzaana kadiri mradi unavyokua, na kwamba kipimo cha usafi ni kujiuliza kama ungeweza kuuweka msimbo wako hadharani sasa hivi bila kuvujisha siri hata moja.

Kipimo hicho nakikubali kabisa. Mengine sikukubali, na bado sikubali. Kila kinachotoka kwenye mazingira ni maandishi. Ukiandika DEBUG=False kwenye mazingira kisha ukaisoma bila kuigeuza, Python inaona neno lenye herufi tano, na neno lolote lisilo tupu kwake ni kweli. Umesema hapana, imesikia ndiyo. Kuna maktaba kama django-environ zinazogeuza thamani hizi vizuri, na kama utazitumia ni sawa. Mimi napenda DEBUG = False iwe imeandikwa ndani ya kazini.py, ikae kwenye Git, ili mtu akiibadilisha sote tuone ni nani na lini. Mazingira ni ya siri na anwani. Maamuzi yabaki kwenye faili.

Mwenzangu alikulia kwenye Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP, ambako mipangilio hugawanywa kwa mada: database.php, mail.php, logging.php, kila moja kwenye folda ya config. Rails, kiunzi cha lugha ya Ruby, nayo ina folda ya mazingira yenye development.rb, test.rb na production.rb. Wao hawakuachiwa wachague. Django inakupa faili moja na kukuacha, na nadhani ndiyo sababu kila mradi wa Django niliofungua umegawanywa kivyake.

Tulijaribu mada pia. Malipo yakapata faili yake, malipo.py, nayo LOGGING ikapata yake. Hizo mbili zinastahili. Ya kwanza kwa sababu mtu anayebadilisha malipo asiguse kitu kingine. Ya pili kwa sababu ni ndefu na haisomwi ila siku ya shida. Tulipofika kwenye MIDDLEWARE tukaharibu. Hiyo ni foleni: kila ombi hupita kwa mpangilio huo huo, na nafasi ina maana. SecurityMiddleware hutangulia, WhiteNoise hukaa mara baada yake. Tukaigawa ili kila mada iongeze ya kwake, na kwa siku moja hakuna aliyeweza kusema foleni yenyewe inafananaje bila kuiendesha programu. Tukairudisha msingi.py, nzima, mahali pamoja. INSTALLED_APPS vilevile, kwa kuwa mpangilio wake ndio huamua kiolezo cha nani kinatumika majina yakifanana.

Amri moja imenifaa kuliko zote, na watu wachache sana wanaitumia:

```
python manage.py diffsettings --output unified \
  --default mradi.mipangilio.nyumbani \
  --settings mradi.mipangilio.kazini
```

Inakuonyesha tofauti kati ya nyumbani na kazini, mstari kwa mstari. Laiti ningeiendesha Novemba, TIME_ZONE ingenirukia usoni. Onyo: inachapisha thamani bila kuziba chochote, kwa hiyo usiibandike kwenye kundi la WhatsApp. Pamoja nayo tunaendesha check --deploy, ukaguzi wa Django wa kabla ya kupandisha, na tumeongeza ukaguzi wetu mmoja: kama tuko kazini na MPESA_URL ina neno sandbox, kataa. Inabidi uendeshwe kwa makusudi kabla ya kupandisha, kwani Django haifanyi ukaguzi huo inapoendeshwa kupitia WSGI, njia ambayo seva huiendeshea tovuti.

Majuma mawili yaliyopita tulihamia seva mpya tena. Tovuti ikaamka. Celery ikakataa. Systemd ikajaribu kuiinua, ikaanguka, ikajaribu tena, ikaanguka. Kwenye logi, sentensi ileile: mipangilio haijawekwa. Nilikuwa nimesahau mstari uleule, kwenye faili ileile ya systemd. Nikauandika, nikawasha, ikaamka ikiwa kazini.

Asubuhi nikampigia Mama. Nikazima kwa makusudi njia ya kupokea majibu, ili Celery ilazimike kwenda kuuliza, nikamwomba aagize jozi moja ya soksi niliyoiwekea bei ya shilingi moja. Nilimsikia akiweka namba yake ya siri polepole, akiitamka kwa kunong'ona, nikamwambia, "Mama, usiitaje." Akacheka. Tukangoja pamoja kwenye simu. Dukani nyuma yake kulikuwa na mtu anauliza sweta ya kijani ya saizi 28.

"Imesema nini?" akauliza.

"Imelipwa, Mama."

"Haya. Ngoja niandike kwenye daftari."